Programu imesema insha ya mwanafunzi ni ya mashine. Tumfutie alama?

SWALI: "Mimi ni mwalimu wa Baiolojia kidato cha tatu, shule ya kata upande wa Kibosho, Moshi. Darasa langu lina wanafunzi 64. Tangu mwaka jana kazi za nyumbani zinarudi na Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, na ndani yake mna mambo sijayafundisha. Wiki iliyopita niliichapa kwenye simu insha ya binti mmoja, ambaye ndiye anaongoza darasa, nikaipitisha kwenye programu ya bure ya kutambua maandishi ya akili mnemba. Ikasema asilimia 92 ni ya mashine. Binti analia, anasema aliandika mwenyewe usiku kwa kutumia notisi. Makamu mkuu anataka tumfutie alama na kumwita mzazi, ili wengine waogope. Wakati huohuo walimu wenzangu wawili wanatengenezewa maandalio ya somo na ChatGPT na hakuna anayewauliza. Huyu binti nimfanyeje, na kuanzia sasa nifundisheje?"

JIBU: Mwalimu, pole kwa mzigo huo. Nianze na la haraka: msimfutie alama kwa sababu ya ile asilimia 92. Huenda alitumia mashine, huenda hakutumia, lakini namba hiyo haiwezi kuwaambia lolote kati ya hayo mawili.

Wengi huichukua namba ya namna hiyo kama majibu ya maabara. Siyo. ChatGPT, Gemini na nyinginezo hujenga sentensi kwa kuchagua, kipande kwa kipande, neno ambalo lina uwezekano mkubwa wa kufuata yaliyotangulia. Uwezekano huo zimejifunza kutoka kwenye maandishi mengi mno, sehemu kubwa yakiwa ya Kiingereza. Ndiyo maana maandishi yake huteleza, sentensi zinakaribiana urefu, na hakuna neno la kushtua. Programu ya kutambua hutazama hapohapo. Inauliza: maneno haya yalikuwa rahisi kubashirika kiasi gani? Yakiwa rahisi sana, inasema "mashine". Haina kumbukumbu ya nani aliandika nini, wala haijaona daftari la mtu.

Sasa mfikirie mwanafunzi bora wa shule ya kata. Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, baada ya Kichaga na Kiswahili. Msamiati wake ni ule wa kwenye notisi. Amefundishwa insha ya mtihani ilivyo: utangulizi wenye fasili, halafu "The following are", halafu hoja sita zilizopangwa kwenye mstari, halafu hitimisho. Fasili amezikariri neno kwa neno kwa sababu ndizo zinazopewa alama. Yaani sisi wenyewe tumetumia miaka mitatu kumfundisha kuandika maandishi yanayobashirika, na sasa tunamshitaki kwa kufuzu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha kwenye programu saba za utambuzi insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, karibu asilimia 61, zilihukumiwa kuwa za mashine, ingawa zote ziliandikwa na binadamu. Hata OpenAI, wanaotengeneza ChatGPT, walitoa programu yao ya kutambua Januari 2023 wakikiri kwamba inakamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuwasingizia binadamu kwa asilimia 9. Ilipofika Julai mwaka huohuo waliiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kama mwenye mashine ameshindwa kuitambua mashine yake, programu ya bure uliyoipata kwenye simu usiipe mamlaka ya kumwita mzazi.

Kuna jingine ambalo walimu wengi hawaliwazi. Umesema uliichapa insha mwenyewe. Simu hurekebisha tahajia unapochapa, na mkono wa mwalimu nao husahihisha bila kukusudia: "s" iliyosahauliwa kwenye kitenzi inarudi, nukta inawekwa mahali pake. Kilichoingia kwenye ile programu ni insha ya binti baada ya kusafishwa na wewe na simu yako. Alama zile za kibinadamu zilizokuwa kwenye karatasi ziliachwa njiani.

Kuhusu binti, fanya kikao cha robo saa, katika saa za kazi, mahali tulivu, wewe na mwalimu mmoja mwingine. Ikiwezekana awe mwalimu wa kike. Si ofisi ya walimu mbele ya kila mtu. Mwambie wazi kwamba unataka kujua anachokielewa, na mpe swali jepesi kwanza, maana mtoto aliyeogopa hushindwa kueleza hata alichokiandika jana. Kisha mwombe akueleze aya mbili za insha yake kwa maneno yake, kwa Kiswahili akipenda, kwa kuwa hapa hupimi Kiingereza. Chagua neno moja gumu alilolitumia, umuulize lina maana gani na alilipata wapi. Umalize kwa swali ambalo halimo kwenye insha. Kama mada ilikuwa udhibiti wa jotomwili, muulize hivi: mpagazi wa Mlima Kilimanjaro akiondoka lango la Marangu asubuhi kuna joto, akapanda hadi kwenye baridi la juu, mishipa midogo ya damu chini ya ngozi yake inafanya nini, na kwa nini anatetemeka? Aliyeelewa atasema mishipa inasinyaa ili damu ya joto isipite karibu na ngozi, na kwamba misuli ikitetemeka inazalisha joto. Aliyenakili atarudia fasili.

Baada ya hapo mpe karatasi na dakika 10, aandike mistari minane kuhusu mada hiyohiyo bila notisi. Linganisha na mtihani wake wa muhula uliopita. Usitafute kama Kiingereza kimelingana kwa uzuri. Nyumbani mtu ana muda wa kupanga, darasani hana. Tafuta tabia: makosa yaleyale ya viambishi na vihusishi, namna ileile ya kuanza sentensi, mifano aliyoizoea. Uliza pia kama ana rasimu au notisi alizozitumia.

Akieleza vizuri, mambo yameisha; mwandikie makamu mkuu mistari mitatu ya ulichokiona, ili kisibaki kinywani. Akisema alisaidiwa na simu ya kaka yake lakini anayaelewa aliyoyaandika, muulize alisaidiwaje hasa, kisha ujiulize kama shule ilishawahi kuwaambia wanafunzi mpaka uko wapi. Kwa kawaida haijawahi. Akishindwa kabisa kueleza, arudie kazi darasani ukiwa unamwona, na alama ya marudio ndiyo iwe alama yake. Haihitaji zaidi ya hapo kwa kosa la kwanza.

Na hoja ya makamu mkuu ya "wengine waogope"? Wataogopa kweli, ila wataogopa kuandika vizuri. Zipo tayari programu za kuyavuruga maandishi ya mashine ili yaonekane ya mtu, na watoto huambizana haraka kuliko sisi. Mkianza kuadhibu usafi wa lugha, mtapokea insha zenye makosa yaliyopandwa kwa makusudi, na yule asiye na simu, aliyejifunza kwa jasho, ndiye atakayebaki mtuhumiwa.

Tatizo lenyewe, Mwalimu, si udanganyifu kwanza. Tatizo ni kwamba akili hujenga kumbukumbu pale inapotafuta jibu. Kulisoma jibu lililokwisha kuandikwa hakuleti kitu hicho. Mwaka 2006 watafiti wa kumbukumbu, Roediger na Karpicke, walionyesha kwamba waliosoma kifungu mara kwa mara walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima bila kitabu ndio waliokumbuka zaidi. Mashine inayotoa insha kamili inamnyima mtoto ile hatua ya kutafuta, huku ikimwachia hisia kwamba ameelewa.

Uturuki walilipima hili kwa wanafunzi karibu 1,000 wa sekondari katika hisabati, na matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Waliopewa mashine ya kuzungumza nayo bila mipaka walifanya vizuri zaidi kwa asilimia 48 kwenye mazoezi kuliko waliotumia vitabu na notisi. Ilipoondolewa na mtihani ukaja, walifanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wale wa vitabu. Kundi la tatu lilipewa mashine iliyowekewa maelekezo ya walimu, itoe vidokezo na isitoe jibu. Hao walipanda kwa asilimia 127 kwenye mazoezi, na kwenye mtihani hawakuporomoka, ingawa hawakuwazidi waliosoma kwa vitabu. Kwa hiyo anayekuambia akili mnemba inaua elimu amezidisha, na anayekuambia inaifufua amezidisha pia. Ikimpa mtoto jibu, inamdhuru. Ikimuuliza maswali, haimdhuru, na mazoezi yanakwenda.

Kupiga marufuku nyumbani huwezi. Simu haiko mikononi mwako. Kuruhusu kila kitu na kuendelea kutoa alama kwa insha za nyumbani nako ni dhuluma, kwa sababu mtoto wa Moshi mjini mwenye simu janja ya mzazi atamzidi wa mlimani ambaye nyumbani kwao kuna kitochi tu. Alama hiyo itakuwa inapima simu. Ushauri wangu ni kuihamisha alama: itoke kwenye karatasi iliyokamilika nyumbani, ije kwenye kinachofanyika mbele yako.

Kivitendo, kazi ya nyumbani ibaki lakini isiwe na alama. Kesho yake, dakika 10 za mwanzo wa kipindi, madaftari yamefungwa, andika maswali matano ubaoni: mawili ya jana, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Wabadilishane karatasi na wasahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine huku ukitaja majibu. Wewe kusanya zote, upitie 12 tu ulizozichomoa bila mpangilio, kuona kama usahihishaji ni wa haki. Kusahihisha insha 64 kila wiki ndiko kulikokufanya utamani programu ikufanyie upelelezi. Huu mzigo unabebeka. Linaloharibu zoezi hili ni mwalimu kulifanya la kuviziana. Wajue litakuwepo kila mara, na alama zake ziwe ndogo.

Kazi chache za kufanyia nyumbani unaweza kuzipa alama, zile ambazo lazima mtoto ashike kitu mkononi. Kwenye uainishaji wa mimea, waambie walete majani manne kutoka kihambani: mgomba, mbuni, mhindi na gimbi. Kila jani walichore, wapime urefu na upana kwa sentimita, waonyeshe kwa mishale vena (mishipa ya jani) zinaelekea wapi, halafu waseme mmea ni monokotiledoni (mbegu yake hutoa jani moja la kwanza) au daikotiledoni (hutoa mawili) na kwa ushahidi gani. Muulize ChatGPT na atajibu upesi kwamba monokotiledoni zina vena sambamba na daikotiledoni zina vena za wavu. Kwa mhindi na mbuni ni sawa. Kwa mgomba vena ni sambamba kweli, lakini zinatoka kwenye uti wa kati kwenda ukingoni, si kutoka kitako kwenda ncha kama za mhindi. Na gimbi ndilo litakalowatoa jasho: ni monokotiledoni, ila vena zake zinatawanyika na kuungana kama wavu. Aliyelitazama jani ataliona, atabishana na kanuni, atatafuta ushahidi mwingine, kama mizizi ya nyuzinyuzi au kikonyo kinachokumbatia shina. Aliyenakili ataandika kwamba gimbi lina vena sambamba huku jani lenyewe likimkana mezani. Alama nyingi zipe swali moja: jani gani limekataa kanuni, na kwa nini bado unalipanga ulipolipanga?

Mashine yenyewe nayo iingize darasani, kwa simu yako moja. Iombe insha fupi kuhusu mada, iandike ubaoni kama ilivyo, wape vikundi vya watu sita dakika 15 watafute kilicho sahihi, kilicho nusu na kisicho kweli, wakithibitisha kwa kitabu cha Taasisi ya Elimu. Mwanafunzi akishaikamata ikikosea kwa ujasiri mara mbili, onyo lako la maneno halihitajiki tena. Hukosea kwa ujasiri kwa sababu ileile niliyoitaja: inachagua kinachoelekea kufuata, haikagui kama ni kweli. Kwenye Kiswahili hukosea zaidi, kwa kuwa imesoma Kiswahili kidogo. Utaona ngeli zinavurugika na istilahi zinatungwa papo hapo. Ukitaka ufafanuzi wa Kiswahili kwa wanafunzi wanaosumbuliwa na Kiingereza, uombe, lakini istilahi hakikisha mwenyewe kwenye kamusi kabla hujaziandika ubaoni.

Hao wenzako wawili sioni kosa lao, mradi wanasoma wanachopewa. Ila ukiandika tu "niandalie somo la homeostasisi" (namna mwili unavyojidhibiti), utaletewa somo la nchi nyingine: darasa la watu 25, projekta, maabara, na ngazi za masomo ambazo hatuna. Andika namna hii: "Mimi ni mwalimu wa Baiolojia kidato cha tatu Tanzania. Wanafunzi 64, vipindi viwili mfululizo vya dakika 40, ubao na chaki tu, hakuna maabara. Hapa chini nimebandika sehemu ya muhtasari. Usiongeze mada nje ya hiyo. Nipe shughuli mbili, si zaidi, na maswali 10 ya kuchagua, kila jibu lisilo sahihi litokane na kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli." Sehemu ya muhtasari bandika mwenyewe, usiitegemee iukumbuke, hasa sasa mitaala mipya iliyoanza kutumika 2024 inaendelea kuingia darasa kwa darasa.

Kisha kagua. Maswali ya kuchagua yana ugonjwa wake: mara nyingi jibu sahihi ndilo refu kuliko mengine, na wanafunzi wajanja wataligundua kwenye swali la tatu. Punguza maneno. Fanya maswali yote mwenyewe bila kuangalia majibu yake, kisha linganisha. Hapo ndipo utakuta jibu lililokosewa, hasa kwenye hesabu za jenetiki. Michoro achana nayo kabisa: moyo unaochorwa na mashine unaweza kuwa mzuri wa kupendeza na mishipa ikawa imeandikwa majina yasiyokuwepo. Chora kwa mkono. Bando si tatizo kubwa, maana maswali na majibu ya maandishi matupu hula kidogo. Zinazokomba MB ni picha, sauti na video.

Majina ya wanafunzi, namba zao za mtihani, matokeo au habari za afya zao usiziingize humo hata siku moja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ukishatuma jina la mtoto huwezi kulirudisha. Umri nao uangalie: masharti ya ChatGPT yanataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na aliye chini ya 18 awe na ridhaa ya mzazi. UNESCO, katika mwongozo wake wa Septemba 2023, nao wamependekeza miaka 13 iwe kima cha chini kwa matumizi darasani.

Mpeleke makamu mkuu pendekezo la kanuni za ukurasa mmoja, zibandikwe darasani kabla ya mtu kuadhibiwa. Ziseme kipi kinaruhusiwa, kama kuuliza maana ya neno, kuomba maswali ya kujipima, au kuomba kosa lionyeshwe. Ziseme kipi hakiruhusiwi: kuwasilisha aya ambayo hukuiandika. Ziseme pia kwamba yeyote anaweza kuitwa aeleze kazi yake, akiwemo anayeongoza darasa na anayeshika mkia, ili kuitwa kusiwe aibu.

Yapo ambayo hupaswi kuyaamua peke yako. Kazi yenye utata ikiwa ni sehemu ya alama za maendeleo zinazopelekwa NECTA (Baraza la Mitihani), kaa na mwalimu wa taaluma na mkuu wa shule kabla ya kugusa alama yoyote, na kikao kiandikiwe muhtasari. Ukigundua katika mahojiano kwamba mtoto ananakili kwa sababu hasomi Kiingereza hata kidogo, hilo ni la kozi ya kumwinua lugha, na adhabu haitamsaidia. Ukigundua anakesha akizungumza na mashine kuhusu huzuni zake au mambo ya nyumbani, mpeleke kwa mwalimu wa malezi siku hiyohiyo, na umweke mzazi katika mazungumzo hayo kwa upole. Shule ikitaka mafunzo ya pamoja, mkuu aanze kwa afisa elimu kata na wathibiti ubora wa shule. Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge kiko hapo Moshi na kinasomesha walimu, na Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, Arusha, kwa upande wa teknolojia. Mkiwaendea, chukueni nakala za kazi tano za wanafunzi zilizofichwa majina, rasimu yenu ya kanuni na maandalio mawili yaliyotengenezwa na mashine, ili mjadala uanzie kwenye darasa lenu.